Wati Mia Mbili za Igolwa

1

Jambo la kwanza lililomshangaza Tusekile Mwambeta alipofungua kibanda cha mtambo wa Igolwa lilikuwa baridi.

Amplifaya tatu za kizamani zilikuwa zimefungwa ukutani, kila moja kubwa kama sanduku la nguo, zikiunguruma kama zilivyounguruma kwa miaka kumi na tisa. Kazi yao ilikuwa kupokea wimbi lililofika mlimani likiwa limechoka, kulitia nguvu mpya na kulirusha mabondeni. Karatasi iliyokuwa mfukoni mwa Tusekile ilieleza gharama ya kazi hiyo: wati elfu moja na mia tano ziliingia, mia tano tu zikatoka juu ya mnara zikiwa mawimbi. Elfu moja nzima iligeuka joto. Joto la kiasi hicho, katika kibanda cha hatua nne kwa tano, lingemtoa mtu jasho mpaka avue shati. Lakini Tusekile alikuwa akiiona pumzi yake mwenyewe.

"Joto haliyeyuki tu hewani," alijisemea. "Kuna mahali limekwenda."

Alikuwa mtu wa kuamini hesabu, na hesabu zilikuwa hazijawahi kumwangusha. Ndani ya miaka sita alikuwa amebadilisha amplifaya kwenye minara mia moja na arobaini ya nyanda za juu. Wenzake walimtania kwamba mnara ukimwona Tusekile anapanda mlima, unajirekebisha wenyewe kabla hajafika. Utani huo haukumchukiza hata kidogo.

Akainama na kumulika tochi nyuma ya mashine. Hapo akaliona. Bomba pana la bati, lililokunjwa na kuungwa na mtu aliyejua kazi yake, lilikusanya hewa yote ya moto kutoka kwenye feni na kupenya ukutani. Hakuna mchoro wowote wa Idara ya Masafa, mwajiri wake, ulioonyesha bomba hilo.

Akatoka nje, akauzunguka ukuta katikati ya ukungu wa asubuhi, akakuta chumba kingine cha matofali kilichoegemezwa kwenye kibanda. Mlango wake ulifunikwa blanketi zito. Akabisha hodi.

"Ingia, na ufunge upesi, mwanangu! Unatumalizia joto."

Ndani kulikuwa na mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya uuguzi, na akina mama wawili vijana waliokaa kwenye kitanda kimoja. Kando ya mdomo wa bomba palikuwa na vikapu vitano. Kimoja kilikuwa kitupu; ndani ya kila kikapu kingine, chini ya kofia ndogo ya sufu, mlikuwa na uso usiozidi kiganja cha mtu mzima. Kipimajoto ukutani kilisoma nyuzi ishirini na nane. Nje zilikuwa sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye Nesi Bertina Mahenge, wa zahanati ya hapa. Nawe bila shaka ndiwe injinia tuliyeambiwa. Vua koti, humu hulihitaji."

Tusekile hakuvua. Alikuwa akiwatazama wale watoto njiti, na tayari alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ambayo hakuipenda.

"Toka lini mnafanya hivi?"

"Huu mwaka wa kumi na moja. Marehemu mume wangu alikuwa fundi bati. Siku moja akaja hapa kuziba paa, akaona joto lote linatupwa nje kuwapasha ndege, akasema hii ni dhambi." Bertina akalivuta blanketi la kikapu kimoja na kulirudisha vizuri. "Wamepita humu watoto sitini na wawili. Nimewazika wanne. Kabla ya hapo sikuwahesabu waliopona, maana hawakuzidi vidole vya mkono."

"Hospitali ya wilaya?"

"Saa saba kwa gari, barabara ikiwa nzima. Na mvua imeikata. Droni ya dawa inabeba kilo tano, na watoto hairuhusiwi kuwabeba. Umeme wa zahanati wote unakwenda kwenye friji ya chanjo." Akatabasamu. "Lakini nimesikia unatuletea mashine mpya. Nilifurahi sana. Hizi zinazeeka, ningeamka siku moja nizikute zimezima."

"Mama Bertina," Tusekile alisema, "mashine mpya hazitoi joto kama hizi."

Mmoja wa wale akina mama, aliyekuwa amemfunga mwanawe kifuani ndani ya kanga, akainua macho taratibu.

2

Mashine mpya zilikuwa ndani ya maboksi mawili mepesi ambayo Tusekile aliyabeba mwenyewe kutoka kwenye gari. Nusu ya muundo wake aliuchora yeye.

Siri yake ilikuwa rahisi kuieleza. Wimbi halina nguvu moja muda wote, hupanda na kushuka mara mamilioni kwa sekunde. Amplifaya ya kizamani haikujali, ilijishikilia kwenye umeme wa juu kabisa saa zote ili kilele kikija kiikute tayari, kama mpishi anayeacha moto mkubwa ukiwaka kutwa nzima kwa ajili ya kuchemsha chai mara mbili. Kila wimbi liliposhuka, umeme wa ziada uligeuka joto. Amplifaya ya Tusekile ililifuata wimbi. Wimbi likipanda, umeme unapanda nalo, likishuka, unashuka nalo. Badala ya kupoteza wati mbili kati ya tatu, ilipoteza moja kati ya tano.

Kwa hiyo kazi ileile iliyokula wati elfu moja na mia tano sasa ingefanywa na mia sita. Zilibaki mia tisa. Na hizo mia tisa zilikuwa zimekwisha kuahidiwa.

Aliyeahidiwa alifika saa nne, viatu vyake vikiwa vimejaa tope mpaka vifundoni. Aliitwa Fanuel Tweve, mwakilishi wa vijiji vitatu vya Lufyenge vilivyo ng'ambo ya ukingo wa mlima, ambako mawimbi ya Igolwa hayakuwahi kufika. Alikuwa ametembea tangu alfajiri ili aone kwa macho yake swichi ikiwashwa.

"Nimechelewa?" aliuliza akihema.

"Hujachelewa, kaka. Pumzika kwanza."

"Nitapumzika ikishawaka."

Tusekile alimwachia kiti, akatoka nje na simu, akapanda hatua chache kuelekea mnarani. Alimpigia mkuu wake Dodoma, Injinia Rwegoshora, mtu mwenye haki ambaye hakuwahi kumpandishia sauti.

"Mkuu, naomba kibali cha hita ya wati mia mbili hapa Igolwa."

"Hita? Kwenye mnara?"

Akamweleza. Joto la mashine mpya halingefika hata mia tatu. Chumba cha watoto, hata kikizibwa nyufa zote, kilihitaji zaidi ya mia nne. Mia mbili tu zingeliziba pengo.

"Tusekile, nina minara mia tano, na kila mmoja una mgao wake usioongezeka. Nikikuruhusu jiko moja leo, kesho kila mnara una jiko. Umeme wa mawimbi ni wa mawimbi."

"Kwa miaka kumi na moja umekuwa wa watoto pia."

"Bila sisi kujua. Sasa umenijulisha." Aliposema hivyo sauti yake ilikuwa ya huzuni kuliko ya ukali. "Saa kumi jioni mita inatuma taarifa yenyewe. Ikiiona hita, mfumo utaufunga mtambo wote. Sitaufunga mimi, wala sitaweza kuuzuia."

"Kuna sehemu ya maelezo ya injinia. Mistari mitatu."

"Hakuna anayeijaza."

"Nitaijaza mimi. Nitaandika kwamba joto la Igolwa ni kazi, si upotevu. Nitaweka jina langu na namba ya leseni."

"Ukifanya hivyo mfumo utasubiri siku thelathini, halafu utaitwa hapa mbele ya kamati ujieleze. Unaweza kunyang'anywa hiyo leseni."

"Nitakuja, mkuu. Na michoro nitakuja nayo."

Akakata simu. Kamati hakuiogopa. Kamati ilikuwa na watu waliosoma hesabu zilezile alizosoma yeye. Kilichomsumbua kilikuwa ndani ya kibanda, kimekaa kwenye kiti na viatu vya tope. Zile mia mbili hazikuwa za Idara. Zilikuwa za Lufyenge.

Bertina alimfuata pale mnarani. Alikuwa ameyasikia maneno ya mwisho.

"Yule bwana anajua kwamba ni mia tisa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hajui. Ameambiwa tu kwamba mawimbi yatafika."

"Basi mpe mia saba. Ataona taa ya simu yake ikiwaka, atashukuru, atarudi kwao. Nani atapungukiwa?"

"Sijui nani atapungukiwa, mama. Ndiyo maana siwezi kumficha."

Bertina akamtazama usoni, kisha akaangalia pembeni. "Sikusema kwa ubaya."

"Najua."

3

Fanuel alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Tusekile alimpeleka chumbani, akamwonyesha vikapu na bomba, akamtajia kila namba. Fanuel alisimama mlangoni kofia ikiwa mkononi, akawatazama watoto mmoja mmoja, akatoka. Nje alitembea mpaka kwenye uzio na kurudi.

"Sasa unaniuliza nini?"

"Sijakuuliza. Nimekueleza kilichopo."

"Ni kitu kimoja!" Sauti yake ilipanda. "Nikikataa, mimi ni mnyama, nimewaua watoto wa watu. Nikikubali, nimewauza wa kwetu. Hilo ni swali la kumwuliza binadamu?"

Tusekile akasogea karibu naye.

"Mke wangu aliitwa Ludia," Fanuel aliendelea, taratibu sasa. "Alijifungua salama. Damu ndiyo ikagoma kukata. Mtu akakimbia mpaka ukingoni akapiga simu, wakaituma droni na damu. Tuliisikia. Mlio wake tuliusikia, dada, juu ya ukingo pale. Halafu mawimbi yakaisha, nayo ikafanya ilivyofundishwa, ikageuka ikarudi ilikotoka. Mtoto ana miaka minne sasa. Kwa hiyo usidhani sijui watoto wadogo ni nini."

"Sidhani hivyo hata kidogo," Tusekile alisema. "Na sitakuomba ukubali kitu ambacho hatujakipima. Twende tukapime. Mia saba zikitosha, hakuna anayemdai mwenzake chochote. Zisipotosha, tutajua tunazungumza nini."

Wakafanya kazi. Tusekile alizifungua amplifaya za kizamani na kuzifunga mpya ukutani, migongo yake ya chuma ikiwa imetokeza chumbani kwa watoto, ili hata lile joto dogo lisipotee. Bertina alituma habari kijijini, na baada ya muda watu wakaja na magunia ya sufu ya kondoo. Waliikandika kwenye kila ufa, kwenye dari, kuzunguka dirisha. Fanuel alivua koti na kukandika nao bila kusema na mtu. Saa saba mchana kipimajoto kilikuwa kimesimama palepale kwenye ishirini na nane, hita ndogo aliyoitoa Tusekile garini ikiwaka na mashine mpya zikifanya kazi.

Tusekile akaelekeza wati mia saba Lufyenge. Redio iliyokuwa mezani ikakwaruza, kisha sauti ya mwanamke ikatoka wazi kama yuko mlangoni.

"Huku Lufyenge. Mnanisikia?"

Fanuel akaegemea meza kwa mikono yote miwili. "Tunakusikia, dada Yustina! Tunakusikia vizuri!"

Upande ule wakapiga vigelegele. Lakini sauti hupita hata kwenye wimbi dhaifu. Droni inataka zaidi ya hapo, maana lazima ijue mahali ilipo kila sekunde. Tusekile akaomba kituo cha dawa kirushe moja ikiwa na mzigo wa majaribio, mfuko wa maji ya chumvi. Wakaiangalia kwenye kishikwambi chake, nukta ya kijani ikipanda bonde, ikipita juu ya vichwa vyao, ikisogelea ukingo. Ikafika ukingoni, ikasita, ikazunguka duara moja.

"Twaisikia!" alisema Yustina redioni. Kisha, baada ya muda: "Fanuel. Imegeuka."

Fanuel akakaa chini, palepale kwenye sakafu ya saruji.

4

Tusekile hakukaa. Aliirudisha safari ya droni kwenye kioo, akaitazama mara ya pili, na ya tatu. Nukta ya kijani haikupata shida kabla ya ukingo. Wala isingepata shida kijijini penyewe, ambako bonde linafunguka na wimbi linatanuka. Shida ilikuwa kivuli cha mwamba, kipande kimoja cha safari kisichozidi kilomita kumi.

"Kutoka hapa mnarani mpaka itue ni dakika ngapi?" alijiuliza, akahesabu. "Kumi na moja."

"Unasema nini?" Fanuel alimwuliza kutoka sakafuni.

"Nasema hamhitaji mia tisa kutwa nzima. Kwa simu na redio mia saba zinatosha. Mia tisa mnazihitaji dakika kumi na moja, kila droni inapovuka." Akageuka. "Mama Bertina, nikizima hita kwa dakika kumi na moja, humu ndani patashuka mpaka nyuzi ishirini na nne. Watoto wataweza?"

"Hao wanne wakubwa, labda. Huyu hapa ana kilo moja na gramu mia. Hapana. Kwenye kikapu, hapana."

"Na kifuani kwa mama yake?"

"Kifuani hata baridi ya nje angeivumilia. Ngozi kwa ngozi ndiyo dawa yenyewe, tunaifanya kila siku. Tatizo ni kwamba mama lazima ale, aoge, alale, na mama wa huyu yuko mahututi zahanati. Hakuna mama wa saa ishirini na nne."

"Wa dakika kumi na moja?"

Bertina akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeona kitu kilichokuwa mbele yake siku zote. "Wa dakika kumi na moja? Mwanangu, hata wewe unafaa."

Fanuel alikuwa amesimama. "Na siku droni ikija usiku wa manane?"

"Usiku kila kifua cha Igolwa kiko kitandani, na nyumba zote nazijua," Bertina alimjibu. "Nitagonga milango. Kuna mtu hapa ambaye mwanawe au mtoto wa ndugu yake hakupitia chumba hiki? Wataamka."

"Unaniahidi?"

"Siahidi kwa maneno. Tuirushe tena sasa hivi, ujionee."

Ilikuwa saa tisa kasoro. Tusekile aliomba droni irudishwe angani, naye Bertina akapanga watu. Wale akina mama wawili wakachukua wa kwao. Yeye mwenyewe akafungua vifungo vya sare na kumchukua wa tatu. Wakabaki wawili.

"Wanakijiji wamesharudi kwao kwenye ukungu, kuwaita kutachukua muda," alisema. "Injinia, mikono yako."

Tusekile alinawa mpaka kwenye viwiko, akafungua shati, akakaa kitandani. Mtoto aliwekwa kifuani pake, mwepesi kuliko spana yake kubwa, na kanga ikazungushwa mara mbili. Alihisi moyo mdogo ukienda mbio dhidi ya wake. Mkono mmoja ukabaki huru kwa ajili ya kishikwambi.

Bado mmoja, yule wa kilo moja na gramu mia. Bertina hakumwita mtu kwa jina. Alimwinua mtoto kutoka kikapuni na kusimama naye.

Fanuel alianza kufungua shati. Kifungo cha pili kilimshinda, akakivuta tu mpaka kikakatika. "Nina vumbi," alisema.

"Maji yako pale. Nawa kifua."

Akanawa, akajifuta, akakaa kando ya Tusekile. Bertina akamlaza mtoto juu yake na kumfunga kanga.

"Usimbane. Usimwachie. Pumua kama kawaida," alisema.

"Droni imefika mnarani," Tusekile akasema. "Nazima hita." Akagusa kioo. Waya mwekundu wa hita ukafifia na kuwa mweusi. Akaisukuma Lufyenge kutoka mia saba mpaka mia tisa. Ukutani mashine mpya zilibadilisha mlio kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi.

Baridi haikuchelewa. Ishirini na saba. Ishirini na sita. Dakika ya nne nukta ya kijani ilifika ukingoni, mahali ilipogeukia. Ikasita.

Ikavuka.

"Endelea," Fanuel alinong'ona, akiitazama nukta ile, kiganja kikiwa kimefunika mgongo mzima wa mtoto. "Endelea, mama, endelea."

Ishirini na tano. Tusekile alihisi upepo mwembamba ukipita chini ya mlango, akageuza bega lake ili kumkinga wa kwake. Nukta ilikuwa kivulini sasa. Namba za wimbi zilishuka, zikashuka, zikafika kwenye mstari wa njano na kukaa pale, juu yake kidogo tu. Alikuwa ameupigia hesabu mstari huo, na alijua hautavukwa. Hata hivyo aliushikilia kwa macho mpaka namba zilipoanza kupanda tena.

Dakika ya kumi redio ikakwaruza.

"Tunaiona!" Yustina alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake watu wengi walikuwa wakipiga kelele. "Fanuel, tunaiona kwa macho! Inashuka shuleni! Imetua! Imetua, Fanuel!"

Machozi yalimshuka Fanuel mpaka kidevuni, naye hakuweza kuyafuta kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi. Bertina akaisogeza redio karibu na mdomo wake.

"Dada Yustina," alisema hatimaye. "Nimesikia. Sasa nisikilizeni nyote. Ili ipite, huku wamezima joto la watoto njiti. Tumewabeba vifuani. Itakuwa hivyo kila ikija, mpaka watakapopata umeme mwingine. Nilikuwa nije kuwauliza kama mnakubali."

Kelele za Lufyenge zikakatika. Tusekile alisikia mtu akiuliza kitu kwa Kikinga, lugha yao ya nyumbani, mwingine akijibu, kisha wengi wakisema kwa pamoja. Aliitazama saa. Zilibaki sekunde arobaini za zile dakika kumi na moja, na ishirini na nne tayari ilikuwa ukutani.

Yustina akarudi redioni.

"Unauliza nini wewe? Mzigo tumepokea. Punguzeni huko upesi, warudishieni watoto joto lao."

Tusekile akagusa kioo, mia tisa ikarudi mia saba, na waya wa hita ukaanza kuwa mwekundu. Bertina akamrudisha wa kwake kikapuni, akamfungua Tusekile kanga na kumchukua wake, kisha akainama mbele ya Fanuel na kunyoosha mikono.

Fanuel akatikisa kichwa. Mtoto alikuwa amelala.